Aliyenifundisha Kuandika Wazi Sasa Anataka Nifiche

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana barua hii nimeianza mara nyingi na kila nikifika mahali fulani nainuka, naenda kunywa maji ambayo sina kiu nayo, natoka kwenda dukani nafika mlangoni nimesahau nilichofuata, narudi, nakaa, mguu unatikisa meza wenyewe mpaka mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na kazi yake anaifanyia hapa hapa sebuleni, ananiambia, "Baba, ama ukae ama utoke, unanipotoshea mshono."

Mimi ni msimamizi wa zamu katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, kule chini kabisa ambako wageni hawafiki, kwenye joto na mvuke na vigari vya mashuka, na kabla ya usimamizi nilikuwa mpigaji pasi kwa miaka mingi kwenye ile mashine ndefu yenye rola za moto, unailisha shuka bichi upande huu, linatokea upande wa pili limenyooka, na kazi ile niliijua kwa mikono, sikuhitaji kufikiri, niliifanya huku napiga soga, lakini waliponipandisha cheo nikakuta nusu ya usimamizi ni kuandika, ripoti ya zamu kila siku, mashine gani imegoma, nani kaumwa, mashuka gani yameungua na kwa nini, na mimi shule nilikwenda, kusoma najua, ila kuandika kitu mtu mwingine akakielewa ilikuwa balaa.

Ripoti yangu ya kwanza niliiandika hivi, naikumbuka mpaka leo, "Kulikuwa na changamoto ya mashine na hali haikuwa nzuri hivyo hatua zilichukuliwa na kazi iliendelea kwa kadiri ilivyowezekana," na nikaona nimeandika jambo la maana sana, lina uzito, linafanana na yale yanayobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Meneja wa idara yetu, mama mmoja ambaye sote tunamwita Madamu, akaniita ofisini kwake, akanisomea mwenyewe kwa sauti, akauliza, "Mashine ipi?"

"Ya kukaushia, Madamu."

"Ilifanya nini?"

"Ilizima katikati ya kazi."

"Nani alichukua hatua?"

"Mimi."

"Hatua gani?"

"Nilimwita fundi, na mashuka nikayahamishia mashine ya pili."

Akanirudishia karatasi, akasema, "Basi hayo uliyoniambia kwa mdomo ndiyo uandike. Mdomo wako una akili kuliko kalamu yako."

Mshauri, yule mama hakunionea huruma na wala hakunidharau, alinipa kazi, kila siku wakati wa chai niandike jambo moja tu nililoliona kwa macho yangu, nani kafanya nini, kikatokea nini, basi, nisiweke pambo, nimpelekee, na yeye anakaa na kalamu yake nyekundu anazungushia, na mwanzoni karatasi zilikuwa zinarudi zimechubuka kama magoti ya mtoto, "nani?" hapa, "lini?" pale, "hii umeongeza ya nini?", nikawa nanuna, nikawa nasema moyoni mama huyu ananitafuta, lakini naandika, na nyumbani nikaendelea, namwandikia mke wangu mistari michache namwekea juu ya cherehani, nikamwambia ukilazimika kurudia kusoma ujue sijaandika, na alikuwa ananirudishia huku anacheka, mpaka siku niliyomwandikia, "Jana nilisema nitarudi mapema. Nilichelewa. Hukula, ulinisubiri," akaweka kitambaa chini, akasema, "Hii usiiguse."

Ikaenda hivyo, sijui ni lini hasa mambo yaligeuka, ila siku moja nikashtuka ripoti nimeimaliza na chai bado ya moto, sikukuna kichwa, sikutafuna kalamu, maneno yamekaa yenyewe kama shuka linavyokaa kwenye rola ukishalijua, na kuanzia hapo ikawa ndiyo hali yangu, na ikawa kero pia, maana mama mkwe aliandika kwenye kundi la familia kwenye simu kwamba "kuna maneno yanasemwa" na mimi bila kufikiri nikamjibu hapo hapo mbele ya ukoo mzima, "Yanasemwa na nani, mama?" na hadi leo akinipita ananiitikia salamu kwa upande.

Sasa nije kwenye shida yenyewe.

Kulikuwa na mkutano mkubwa pale hotelini, vyumba vimejaa, mashuka yanashuka kwetu kama mafuriko, na ile mashine ya pasi ina kinga, ni kipande kirefu cha chuma mbele ya rola, mkono ukikigusa tu mashine inasimama, na kinga yetu ilikuwa imelegea, hata ukingo wa shuka ukiigusa inasimamisha kazi, unaiwasha, inasimama, unaiwasha, inasimama, watu wamechoka na simu kutoka juu hazikatiki, mashuka yako wapi, mashuka yako wapi. Madamu akashuka, akamwambia fundi wa mashine aifunge kinga kwa waya isifanye kazi mpaka wageni waondoke, na fundi huyo, mshauri, ni kaka wa mke wangu, shemeji yangu, yeye ndiye aliyenisemea nikapata kazi pale enzi hizo, akachukua koleo lake akaifunga. Ilidhaniwa itakuwa kwa muda mfupi tu. Jambo lenyewe lilikuwa linajulikana na kila mtu.

Kwenye mashine alikuwepo dada mmoja tunayemwita Chiriku kwa sababu anaongea tangu anavaa aproni mpaka anaivua, anakuhadithia habari za jirani zake kama vile unawajua, na mikono haikosei, ni mpigaji pasi hodari kuliko nilivyokuwa mimi, na kesho yake nilikuwa nimempa mgongo nakagua foronya, yeye anahadithia habari za jirani yake aliyenunua jogoo asiyewika, na kilichonifanya nigeuke ni kwamba alinyamaza. Halafu ndipo akapiga kelele. Shemeji alikuwa karibu, akapiga swichi, tukazifungua rola kwa mkono, na sitakuandikia tulichokiona. Ni mkono wa kulia. Vidole vilibanwa na kuungua.

Wakubwa wa hoteli wanataka ripoti ya msimamizi wa zamu kwa maandishi, mwisho Ijumaa, na wamesema wazi kwamba ripoti hiyo ndiyo itakayoamua nani anawajibika na kama hoteli itagharamia matibabu, na tayari kuna maneno kwamba Chiriku alikuwa anapiga porojo badala ya kuangalia kazi, dada yake alinipigia simu analia, anauliza, "Kweli mtasema ni mdomo wake?"

Madamu akaniita, akafunga mlango, mlango ambao huwa haufungi kwa sababu ya joto, akasema bila kunitazama, "Andika kwamba kulitokea hitilafu ya mashine, mfanyakazi akaumia, hatua zikachukuliwa. Basi."

Nikasema, "Hitilafu ipi, Madamu?"

Mshauri, lilinitoka tu, sikuwa na ubishi, ni yeye mwenyewe aliyelipanda swali hilo kichwani mwangu. Akaigeuza ile kalamu nyekundu mezani, mwisho akasema, "Andika kama ulivyokuwa ukiandika zamani."

Nimejaribu, nakuapia nimejaribu. Naandika "Kulitokea hitilafu," mkono unaendelea wenyewe, "kinga ilikuwa imefungwa kwa waya," nachana. Naanza tena, naweka maneno mazito yale ya zamani, changamoto, hali, hatua, nakisoma nilichoandika, nakiona ni uongo uliovaa tai, nachana. Siwezi tena. Mtu akijua kuendesha baiskeli utamwambia asahau?

Na shemeji alikuja nyumbani, akakaa karibu na cherehani ya dada yake, akasema, "Shemeji, mimi nilitii amri. Watoto wangu wanasoma. Unajua nilivyokushika mkono." Akaondoka bila kugusa chai. Nikamgeukia mke wangu, nikamuuliza unasemaje, akasema, "Yule ni kaka yangu. Na Chiriku mimi ndiye niliyemshonea nguo ya harusi. Usiniulize mimi."

Hospitali nimefika getini, nikageuka.

Sasa naomba uniambie mambo mawili, la kwanza, mtu akishazoea kuandika wazi mpaka imekuwa ndiyo mwili wake, anarudije kuandika vibaya, hata kwa siku moja tu? Na la pili, kama haiwezekani, nimwangushe vipi aliyenifundisha na aliyenipa kazi, kwa kalamu ile ile waliyonishikisha wao?

Msimamizi asiyekaa.

*

MSHAURI ANAJIBU

Msimamizi usiyekaa, kwanza kaa. Acha maji, hayatakusaidia.

Wasomaji wajue kwamba barua hii ilinifikia Ijumaa yako ikiwa inabisha hodi, kwa hiyo majibu haya uliyapata wewe kwanza, kwa simu, na leo nayachapisha kwa ruhusa yako, pamoja na yaliyofuata.

Pole. Pole kwa kweli, maana umesimama mahali ambapo ukigeuka huku unamuumiza mtu wako, ukigeuka huku unamuumiza mtu wako. Nimesoma barua yako nikiwa jikoni, nikaunguza nilichokuwa nakipika, na sikukasirika. Lakini pole imetosha, sasa nikuambie ukweli.

Swali lako la kwanza silijibu. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye safu hii nimeombwa dawa za kila aina, za kumrudisha mume, za kumfukuza mpangaji, sijawahi kuombwa dawa ya kusahau kuandika. Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Na acha kuusingizia mkono. Mkono hauna dhamiri, ndugu yangu, mkono una mazoezi tu. Mkono uliozoea utaandika chochote ukiuamrisha. Kinachochana karatasi hizo ni wewe, kwa sababu kila siku wakati wa chai ulikuwa unajizoeza kuuliza nani kafanya nini, na mtu akiuliza hivyo kila siku, mwisho haiwi tena kazi ya kalamu, inakuwa namna yake ya kutazama. Ndiyo maana hata mama mkwe wako hakusalimika. Kwa hilo la mama mkwe, nenda ukaombe radhi. Kundi la familia si ripoti ya zamu.

Sasa nikukamate.

Barua yako inakimbia, sikulaumu, mtu mwenye tumbo joto hapumziki kwenye nukta. Lakini hata ikikimbia, kila tendo lina mwenyewe. Madamu akashuka. Shemeji akachukua koleo. Dada yake Chiriku akapiga simu. Nilikuwa nasoma naona kila mtu amesimama wapi. Halafu nikafika mahali pamoja nikajikwaa. "Ilidhaniwa itakuwa kwa muda mfupi tu." Ilidhaniwa na nani? "Lilikuwa linajulikana na kila mtu." Kila mtu ndiye nani? Zamu ile msimamizi wake alikuwa nani?

Hapo, bwana, uliandika kama ulivyokuwa ukiandika zamani. Madamu hakuwepo kukuamuru. Ulijifundisha upya peke yako, kwenye sentensi mbili, na sidhani kama uliziona zikipita. Kwa hiyo usiniambie umeshindwa kuandika kwa kificho. Unakiweza vizuri, ukifika kwako. Nadhani ndipo hapo panapokuinua kwenye kiti, na ndipo panapokugeuza getini hospitali. Si Madamu. Si shemeji. Unaogopa Chiriku asikuulize, "Uliuona waya?"

Uliuona. Sentensi ya kwanza ya ripoti yako ndiyo hiyo, na inaanza na neno "Mimi."

Ukishaiandika hiyo, zilizobaki zitanyooka, na utaona kwamba humwangushi mtu. Unajiweka kwenye mstari pamoja nao. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayenyoosha kidole na mtu anayesema, tulikuwa watatu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kuhusu shemeji: andika kwamba aliifunga kinga kwa amri, na amri ilitoka kwa nani. Ukiandika tu kwamba kinga ilifungwa, siku wakubwa wakitafuta wa kumbebesha watamfuata mwenye koleo mkononi, watoto wake wanasoma au hawasomi. Jambo pekee linaloweza kumsaidia ni kutajwa kwa aliyemwagiza. Na ni yeye huyo huyo aliyezima mashine akaokoa mkono usiende wote. Hilo nalo andika. Wewe ulilipitia kwa haraka.

Kuhusu Madamu: unamdai shukrani, sawa, na shukrani umlipe. Lakini hakukufundisha uandike wazi pale panapompendeza yeye tu. Usimtukane, usimpambe. Andika alichosema. Na andika zile simu kutoka juu zisizokatika, mashuka yako wapi, mashuka yako wapi, maana naye hakuamka asubuhi akitaka mtu aungue. Alibanwa. Kuandika kwa usahihi ni kuandika na hilo pia. Ukiliacha, utakuwa umewadanganya wakubwa kwa upande mwingine.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na usiniletee habari za nitafikiria. Mwambie mke wako leo, kabla kalamu haijagusa karatasi. Humwombi ruhusa, unamwambia ili asije akasikia kwa kaka yake. Kisha mfuate shemeji kwake, ukae, unywe hiyo chai yeye aliyoiacha kwako, umwambie usoni. Atakasirika. Mwache akasirike. Halafu hospitali, na safari hii upite geti. Usiende na ripoti mkononi kama mtu anayetaka kusifiwa, na usiende kuomba msamaha ili usiku ulale. Mwambie tu ulichokiona na ambacho hukukifanya, kisha nyamaza, uone kama ana la kusema. Ukitoka hapo ndipo uandike, na ukishaandika ripoti mpelekee Madamu kwa mkono wako kabla ya wakubwa. Ni bosi wako. Usimpitie mgongoni.

Hayo ndiyo niliyomwambia. Alinijibu "Nimeelewa" kwa sauti ya mtu anayekanyaga kaa la moto, akakata simu.

*

Wiki iliyopita alinipigia. Nimemwomba niwaeleze wasomaji, akakubali.

Aliandika. Sentensi ya kwanza alinisomea: "Mimi, msimamizi wa zamu, niliuona waya kwenye kinga nilipoingia kazini, nikaiacha mashine iendelee." Aliichukua karatasi kwa Madamu. Madamu akaisoma, na kwa mazoea tu akawa ameshika kalamu nyekundu. Akashuka nayo mstari kwa mstari, hakuzungushia kitu, mpaka karibu na mwisho akasimama.

"Hapa," akasema, "umeandika nilimwagiza fundi. Nilimwagiza mara mbili. Mara ya kwanza alikataa."

Msimamizi anasema hakuwa na habari kwamba shemeji yake aliwahi kukataa, na shemeji mwenyewe, kwa hasira au kwa aibu, hakuwa amemwambia. Madamu akamsogezea karatasi.

"Rekebisha," akamwambia. "Si nilikufundisha?"

Akarekebisha pale pale, akiwa amesimama, na Madamu akaweka sahihi yake chini, akafungua mlango.

Mambo hayakuishia vizuri kwa kila mtu, na sitawadanganya. Madamu ameondolewa. Msimamizi wetu si msimamizi tena. Amerudi kwenye rola, analisha mashuka kama zamani, akisimamiwa na kijana ambaye zamani yeye ndiye aliyemsimamia. Shemeji alipewa onyo tu, kwa sababu ya ile mara ya kwanza aliyokataa, lakini nyumbani kwa dada yake hajakanyaga, na dada mtu anashona huku akitazama mlango. Kinga imetengenezwa. Hoteli inagharamia matibabu, na ile habari ya porojo imekufa, hakuna anayethubutu kuitaja.

Chiriku, siku ile hospitali, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso ukutani. Mtu ambaye angemsimulia hata mgeni habari za jogoo wa jirani hakumpa neno hata moja. Msimamizi akakaa kwenye kiti, akaona hakuna litakalokuja, akaaga, akaondoka. Akarudi siku nyingine, ikawa vile vile. Siku aliyorudi tena alimkuta amekaa kitandani, kitabu cha mtoto wake kiko kwenye mapaja, anajaribu kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto, kwa sababu daktari ameshamwambia ule wa kulia hautashika kalamu tena.

Hapo ndipo Chiriku alipozungumza naye kwa mara ya kwanza.

"Wewe," akamwambia, "si ndiye bingwa wa kuandika? Hivi mkono unazoea baada ya muda gani?"

"Sijui," akamjibu. "Wangu ulichelewa sana. Tuanze na jambo moja kila siku. Kitu unachokijua kwa hakika."

Chiriku akainama. Herufi zilikuwa zinaanguka huku na huku, nyingine kubwa kama za ubao wa duka, nyingine zimejikunyata, na alikuwa anatoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Alitumia muda mrefu. Alipomaliza akamgeuzia karatasi asome. Ilikuwa imeandikwa, "Bado nina hasira na wewe."

Anasema aliisoma, akaisoma tena, akamwambia, "Imeeleweka. Sina cha kurekebisha."

"Vizuri," akasema Chiriku. "Kesho nitaandika ndefu."

Alichonipigia simu kuniuliza ni hiki: je, arudi, au anamtesa mgonjwa kwa kujipeleka? Nilimjibu kwa ufupi na nakujibu tena hapa, ndugu yangu. Amekuambia kesho. Nenda. Hasira yake usiishike, usiipunguze, usimwombe aifute. Ni yake, na akiandika ukurasa mzima wa kukulaumu wewe umsahihishie herufi tu. Peleka karatasi safi na kalamu nene inayoshikika. Kaa upande wake wa kushoto asipate taabu kukuonyesha. Na kwa kuwa mkono wa kulia hauwezi kutuliza karatasi, itakuwa inateleza kila akikandamiza kalamu. Ushikilie ukingo wa karatasi, wewe, mpaka atakapomaliza sentensi.